Nani Anakaa Naye? Kijana mkosaji kati ya kumbi, borstal na Mahakama ya Watoto

Mahabusu za watoto Tanzania Bara ni chache, nazo zimewekwa katika miji kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Singida haimo. Kijana wa miaka 15 akikamatwa Ikungi, mkoani humo, kwa kuiba mbuzi wawili au gunia la alizeti, na dhamana ikashindikana, sheria inataka asichanganywe na watu wazima. Mahali pa kumtenga pako Arusha, zaidi ya kilometa 300 kutoka kwao, au mbali kuliko hapo. Mama yake mwenye shamba la uwele na kuku wachache atakwenda kumwona mara ngapi? Na kama kijana mwenyewe ana kifafa, nani atamwambia mlinzi wa zamu kwamba huyu asilazwe kitanda cha juu?

Tukitaja afya ya vijana walio mikononi mwa sheria, mazungumzo hukimbilia huduma: zahanati, dawa, mshauri nasaha. Hayo yote yanahitajika na mara nyingi hayapo. Lakini ukizipanga pamoja njia ambazo watu wa ukanda huu wamewahi kuzitumia kumshughulikia kijana aliyekosea, yaani kumbi la jando, kikao cha wazee, fiqhi ya pwani, borstal ya Mwingereza na Mahakama ya Watoto ya leo, utaona kila moja inalijibu kivyake swali ambalo sera zetu hulipita kwa haraka: kijana anaporekebishwa, nani anakaa naye? Nani anamjua kiasi cha kugundua kwamba halali usiku?

Wanyaturu, ambao ndio wenyeji wa Ikungi, walitahiri wavulana wao kama walivyofanya majirani zao Wagogo. Kumbi halikuwa gereza, na aliyeingia humo hakuwa na kesi. Hata hivyo wazee walimsubiri huko kijana mtukutu, mdokozi, asiyeamkia watu. Taratibu zilitofautiana toka kabila hadi kabila, ila sura kubwa ya jando la Bara inafahamika: kijana anaondolewa nyumbani, anapita mikononi mwa ngariba, anakaa na wenzake mpaka kidonda kipone, anafundishwa, anachapwa, kisha anarudishwa kwa ngoma akiwa na hadhi mpya. Muda wote huo pembeni yake yuko mlezi, mtu aliyetahiriwa kabla yake, mwenye kazi ndogo isiyo na sifa: kuosha kidonda, kupokea uji uliotoka kwa mama, kulala karibu. Mlezi ndiye anayejua nani ameshikwa na homa na nani analia akidhani wenzake wamelala. Hakuna ripoti wala faili, ila hakuna mtoto asiye na mtu.

Nisieleweke kwamba nalisifia kumbi lote. Kumbi liliua. Wembe mmoja ulipita kwa wavulana wengi, vidonda vilioza, na viboko vilivyoitwa mafunzo mara nyingine vilikuwa ukatili wa wakubwa waliolipiza yale waliyotendewa wao. Upande wa wasichana hali ni mbaya zaidi. Singida na Dodoma zimekuwa miongoni mwa mikoa ambako ukeketaji umeng'ang'ania, na moja ya visingizio vyake ni lawalawa, ile imani kwamba muwasho na maambukizi ya sehemu za siri za mtoto wa kike hutibiwa kwa kisu. Sheria ya mwaka 1998 ilipoufanya ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, wapo waliouhamishia kwa vichanga ili majirani wasijue. Kwa hiyo anayesema turudi kwenye mila na aseme ni sehemu gani ya mila. Mimi namtaka yule mlezi, bila ngariba wake.

Kwa makosa yenyewe, wizi, kujeruhi, kuchoma nyumba, mila ilikuwa na kikao. Kijana hakuwa na ng'ombe. Baba na ukoo ndio waliokuwa nao, na wao ndio waliolipa fidia. Mantiki yake ni kali na ina busara. Baba aliyelipa mbuzi wanne kwa sababu ya mwanawe atamwangalia mwanawe. Ami zake watamwangalia, kwa kuwa mara ya pili zizi lililopungua litakuwa lao. Hakuna aliyefungiwa chumbani, na hakuna aliyepata upele na kifua kikuu kwa kubanana na watu 40 penye nafasi ya 15.

Lakini kikao hichohicho kina dhambi yake, na kwa afya ya vijana ni dhambi kubwa. Binti akibakwa, baba wawili hukutana, mifugo hubadilisha zizi, na mambo huitwa yamekwisha. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio la namna hiyo inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72. Wazee wakizungumza siku tatu, tena wakisubiri shangazi afike kutoka Manyoni, dirisha limefungwa. Aliyetendewa hakupimwa, hakupewa dawa, hakusikilizwa. Mvulana aliyetenda naye hakuulizwa lolote zaidi ya idadi ya mbuzi wa baba yake. Kikao kinaponya uhusiano wa koo mbili na kuwaacha vijana wawili na majeraha yao.

Kuna sura ya historia ya Singida inayostahili kuingizwa hapa, ingawa wengi huikumbuka kwa hadithi za kutisha tu. Katikati ya miaka ya 1940 watu kadhaa waliuawa kwa namna iliyofanana na mashambulizi ya simba, na serikali ya kikoloni ikawashtaki watu walioitwa watu-simba. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyewahi kuishi na Wanyaturu, aliichambua upya habari hiyo. Masimulizi ya wakati ule yalidai kwamba baadhi ya wauaji walikuwa vijana waliochukuliwa wakiwa wadogo, wakafichwa, wakalelewa kwa kazi hiyo na wakubwa waliokuwa na visasi vyao. Kiasi gani ni kweli na kiasi gani ni hofu ya kijiji, watu watabishana. Kinachonivuta ni tofauti ya maswali. Mahakama ya mkoloni iliuliza nani aliua. Wanakijiji waliuliza nani alimtuma. Swali la pili ndilo ambalo leo wataalamu wa ustawi wa jamii hulipa majina marefu, nalo ndilo linalomfaa kijana wa Ikungi aliyekamatwa na mali ya wizi ilhali mnunuzi mwenye duka lake hajaguswa.

Pwani ilikuwa na hesabu nyingine. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Unguja, Mombasa na Lamu na yakafuata njia za misafara hadi misikiti ya Singida, mtoto hawajibiki kama mtu mzima mpaka abaleghe na awe na akili timamu. Dalili za mwili zisipotokea, mpaka ni miaka 15 ya mwezi mwandamo. Ninachokithamini humo ni kwamba maswali mawili huulizwa kwa pamoja: mwili umefika? Na akili ipo? Kijana mwenye maradhi ya akili anawekwa upande mmoja na mtoto. Fiqhi haikujenga hospitali kwa ajili yake, lakini ilikataa kumhukumu kabla ya kumtazama. Sheria za Bara nazo zina hatua: aliye chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kabisa, na kati ya 10 na 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alijua analofanya ni kosa. Kenya walikaa na umri wa miaka 8 uliorithiwa kwa mkoloni mpaka Sheria ya Watoto ya 2022 ilipoupandisha hadi 12. Kumi ya kwetu nayo ni ndogo mno, kwa maoni yangu. Mtoto wa darasa la nne hana la kufanya kizimbani.

Mwingereza alikuja na wazo lililokuwa jipya hata kwao. Mwaka 1902 kijiji cha Borstal, huko Kent, kilipata taasisi iliyotenganisha vijana na wafungwa wakubwa, ikawapa kazi za mikono, mazoezi ya viungo na nidhamu ya saa. Sheria ya 1908 ikaueneza mfumo huo. Uingereza yenyewe iliufuta mwaka 1982, ila Kenya hadi leo ina taasisi za borstal Shimo la Tewa, Shikusa na Kamae, jina likiwa lilelile. Afya ya mwili katika mfumo huo haikudharauliwa: kijana alipimwa uzito, alikula kwa ratiba, alicheza mpira. Kilichokatwa ni ndugu. Kijana alihesabiwa kuwa ameharibiwa na kwao, hivyo dawa ikawa kumweka mbali na kwao.

Mfano wa Kenya unaofundisha zaidi ni Wamumu. Mwaka 1955, katikati ya vita vya Mau Mau, serikali ilifungua kambi huko Mwea kwa ajili ya wavulana waliokuwa kizuizini. Wengi wao kosa lao kubwa lilikuwa kuzaliwa Wakikuyu katika miaka ile. Walipewa sare, ufundi, bendi na mpira. Geoffrey Griffin, mmoja wa waliofanya kazi na vijana hao, baadaye alianzisha Starehe jijini Nairobi mwaka 1959 pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo. Mwanahistoria Paul Ocobock ameeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyojaribu kukalia kiti cha wazee, yenyewe ndiyo iwe inayomgeuza mvulana kuwa mwanamume. Kwa maneno ya huku kwetu, serikali ilijenga kumbi lake. Lina nyakanga, yaani mkuu wa jando, lina nyimbo, lina mpaka wa kutoka na kuingia. Na sitakataa kwamba wapo vijana waliotoka Wamumu na ufundi uliowalisha maisha yao yote. Ila hakuna mama aliyeleta uji, na waliosimamia afya yao walikuwa haohao waliowafunga. Mtoto aliyevimba mguu kwa kipigo cha mlinzi alikwenda kumweleza nani?

Tanganyika haikupata Wamumu yake. Ilipata Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1937, ikapata viboko vingi, na baadaye Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Kiboko ndicho urithi uliokaa muda mrefu kuliko wote. Mpaka leo Kanuni ya Adhabu, kupitia marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inasema mvulana wa miaka 18 au chini yake akipatikana na hatia ya kubaka kwa mara ya kwanza, adhabu yake ni viboko tu. Tafakari kesi ya kawaida ya kijijini: mvulana wa miaka 17 na mpenzi wake wa 16, wote wanafunzi, mimba imeonekana. Kwa kuwa binti hajafika 18, ridhaa yake haihesabiki. Mvulana akiwa amefikisha miaka 19 siku ya tendo, mbele yake kuna miaka 30 gerezani. Akiwa na 17 atachapwa na kurudi nyumbani. Katika njia zote mbili hakuna anayewapima vijana hao, hakuna anayekaa nao kuzungumza habari za miili yao, na hakuna anayeuliza kama binti alikubali kweli au alitishwa. Mila ilitoza mbuzi, sheria inatoza ngozi, na zote mbili hufunga faili.

Wamarekani wa Chicago walianzisha mahakama ya kwanza ya watoto mwaka 1899, na miaka 10 baadaye daktari William Healy akafungua kliniki ya kuwachunguza vijana wanaoletwa hapo. Hakuna haja ya kukaa sana huko. Inatosha kujua kwamba wazo la hakimu kumsikiliza daktari kabla ya kuamua lina zaidi ya karne moja, na kwamba tangu hapo ushahidi umerundikana: katika tafiti za nchi mbalimbali, nyingi zikiwa tajiri, takriban mvulana mmoja kati ya kumi walio kizuizini ana sonona kali, na kwa wasichana ni karibu robo.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikusanya mengi ya haya. Ilianzisha Mahakama ya Watoto, ikaagiza ikae katika jengo tofauti au kwa muda tofauti na mahakama za wakubwa, afisa ustawi wa jamii awepo, mzazi awepo, na watu wasiohusika wakae nje. Ikakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kwa kuisoma tu, ni moja ya sheria zenye huruma kuliko zote tulizo nazo. Lakini jaribu kuifuata kwa miguu kutoka kijiji cha Ikungi. Mgambo wamemkamata kijana na kumpiga kabla ya kumfikisha kwa mtendaji. Kituo cha polisi kinatoa fomu ya PF3 ili atibiwe, na kama anayeandika PF3 ni mwenzake wa yule aliyempiga kijana, hebu fikiri itaandikwaje. Hospitali ya misheni ya Makiungu imo wilayani, ila usafiri ni pikipiki na pikipiki ni pesa. Afisa ustawi wa jamii anayetakiwa kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii ana kata nyingi na mafuta machache. Kisha linakuja suala la umri. Cheti cha kuzaliwa hakipo. Mama anatumwa nyumbani kutafuta kadi ya kliniki, ile iliyochakaa kwa jasho na mafuta ya taa, na humo ndani, kati ya tarehe ya chanjo ya surua na uzito wa miezi tisa, ndimo ulimo uthibitisho kwamba mwanawe hajafikisha 18. Nesi aliyejaza kadi hiyo alifanya kazi ya wakili bila kujua. Kadi ikiwa imeliwa na mchwa, daktari ataombwa kukadiria umri kwa meno na mifupa, na makadirio yana upana wa miaka kadhaa. Kijana anaweza kulala na watu wazima kwa sababu ya mchwa.

Kwenye swali la nani anakaa na kijana ndipo New Zealand inapokuwa na la kutuambia. Mwaka 1986 ripoti iliyoongozwa na John Rangihau, mzee wa Kimaori, iliilaumu serikali kwa kuwachukua watoto wa Kimaori na kuwaweka mbali na koo zao. Mwaka 1989 sheria mpya ikauweka mkutano wa familia katikati ya haki ya watoto: kijana, wazazi, mashangazi na wajomba, aliyetendewa na ndugu zake, polisi na mwezeshaji, wote wanakaa kupanga litakalofanyika. Mwaka 2008 Jaji Heemi Taumaunu akaanza kusikiliza vijana kwenye marae, uwanja wa ukoo, wazee wakiwa wamekaa pembeni yake. Kile ambacho Mnyaturu angekitambua mara moja kama kikao kimeingizwa ndani ya sheria, pamoja na vitu viwili ambavyo kikao chetu hakikuwa navyo: aliyetendewa ana kiti chake mwenyewe, hata akiwa binti, na makubaliano yanaweza kudai kijana apelekwe kwa mtaalamu wa afya au ulevi. Haikuwa dawa ya kila kitu. Vijana wa Kimaori bado ni wengi kupita kiasi mbele ya mahakama za nchi hiyo. Lakini ndugu zao wana nafasi mezani pale uamuzi unapopangwa.

Sisi hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Sheria ya Mtoto inamruhusu hakimu, dhamana inaposhindikana, kumkabidhi mtoto kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kwa taasisi, au kwa mtu anayefaa. Huko vijijini wapo tayari watu wanaoitwa walezi wa kuaminika, waliozoea kupokea watoto waliotelekezwa au waliofanyiwa ukatili. Mtoto aliyekinzana na sheria hakabidhiwi kwao mara nyingi, kwa kuwa watu wanamwona ni mwizi kwanza na mtoto baadaye. Programu za marekebisho ya tabia ndani ya jamii zimejaribiwa Temeke na Mbeya tangu 2012: kijana anaishi kwao, anahudhuria vipindi, anarudishwa shule au ufundi, na familia yake inashirikishwa. Ikungi inaweza kuanza na mlezi mmoja kwa kila kata. Awe mtu anayeishi umbali wa kutembea kutoka kwa mama wa kijana, mwenye namba ya simu ya zahanati, anayejua siku za kuchukua dawa za kifafa, na aliyepewa nauli ya kumpeleka Makiungu bila kuomba. Polisi wawili kumsindikiza kijana mmoja hadi Arusha, kumrudisha kila kesi inapotajwa, na kumpeleka tena, si safari ya bure. Pesa ipo. Imekaa kwenye tangi la mafuta.

Watabaki wale ambao hakuna wa kukaa nao. Mvulana aliyekimbia nyumbani kwa sababu baba wa kambo alikuwa anamchoma kwa sigara, akalala stendi ya Singida mjini, akaiba simu: huyu ukimrudisha kwa ndugu umemrudisha kwenye moto. Msichana aliyemchoma kisu mwanamume aliyekuwa akimuingilia usiku, na mwanamume huyo ni ami yake, naye hawezi kuwekwa mikononi mwa ukoo. Kwa hawa nyumba ya serikali inahitajika, ndogo, hapohapo Singida, yenye vyumba vya wasichana vilivyotengwa na nesi wa kudumu, na mlango ambao mgeni kutoka nje ya idara anaweza kuugonga siku yoyote bila taarifa akahesabu watoto waliomo. Na mwenye mbuzi wawili asisahauliwe. Hata mtoto aliyemwibia akipata mlezi, dawa na shule, yeye bado ana zizi pungufu, na asipopewa kiti kwenye mkutano kama ule wa New Zealand atachukua rungu na kuwaita mgambo mara nyingine.